Kila Kopo na Mfuniko Wake: Kupanga Vyombo vya Plastiki Jikoni

Fungua kabati la chini la jiko lolote Dar es Salaam, iwe Mbagala au Tegeta, na kuna kitu kitakudondokea mguuni. Mara nyingi ni mfuniko. Kopo lake liko Kigamboni kwa wifi, lilikwenda na pilau ya Idi na halijarudi. Nyuma yake zimejazana kontena tatu za seti ya kicheni pati ambayo zamani ilikuwa na tano, makopo ya aiskrimu, kopo la Blue Band, vile vyombo vyepesi vinavyokuja na biriani la kununua, na bakuli moja la bluu ambalo hakuna mtu nyumbani anayekumbuka lilitoka kwa nani.

Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni kopo na mfuniko wake kupatikana kwa wakati mmoja, saa kumi na mbili asubuhi, mtoto ameshavaa viatu na gari la shule linapiga honi.

Watu wengi wakiamua kupanga huanza na ukubwa: kubwa chini, ndogo ndani yake. Inapendeza macho kwa siku chache, kisha mambo yanarudi vilevile. Mimi nashauri uanze na safari. Chombo cha plastiki hapa mjini hakitulii jikoni. Kinakwenda kazini na ubwabwa, shuleni na viazi, hospitali na uji wa mgonjwa, msibani, na kwa jirani na futari. Ukishajua kipi hutoka na kipi hakivuki mlango, mengine yanakuwa mepesi.

Hatua ya 1: Kusanya vyote, na vya watu rudisha

Tandika mkeka uani au sebuleni, kisha mwaga kila kitu chenye mfuniko au kilichowahi kuwa nacho. Usiishie kabatini. Angalia ndani ya friji, chini ya sinki, kwenye begi la shule, kwenye buti la gari, na droo ya ofisini ambako kuna kontena ya wali wa wiki iliyopita inayoogopwa kufunguliwa.

Kabla ya lolote, tenga vya watu. Hapa kuna jambo letu ambalo wageni hawalijui: chombo cha jirani hukaa kwako mwezi mzima kwa sababu unaona haya kukirudisha kitupu. Umeletewa katlesi, na wewe unangoja siku utakayopika kitu cha maana ndipo chombo kirudi nacho. Siku hiyo haifiki, na kopo linaanza kuzoea kabati lako. Usingoje. Tia ndimu sita, au maandazi mawili ya asubuhi, au mchicha wa bustanini, umpe mtoto apeleke: "Shikamoo mama Asha, mama anasema ahsante kwa katlesi." Adabu imetimia na nafasi imepatikana.

Kudai vyako ni kazi ngumu zaidi. Kwa ndugu wa karibu unaweza kusema waziwazi. Kwa wengine, vihesabu kuwa vimeshakwenda, na utaona katika hatua ya 5 namna ya kuzuia hasara hiyo isijirudie.

Hatua ya 2: Oanisha

Chukua kopo moja moja, litafutie mfuniko, ubonyeze pembe zote. Kufunga kwa macho hakutoshi. Tia maji hadi nusu, funga, pindua juu ya sinki na utikise. Lisilovuja linaweza kubeba mchuzi. Linalotoa matone lina kazi bado: chapati, matunda, karanga. Andika tofauti hiyo kichwani sasa hivi, maana ndiyo itakayookoa mkoba wako ndani ya mwendokasi.

Mfuniko uliopinda kidogo usiutupe haraka. Utumbukize kwenye maji ya moto (yasiwe yanachemka) kwa dakika moja au mbili mpaka ulainike, uvalishe kopo lake, weka kitu kizito juu na uache upoe hapohapo. Ukipindika tena baada ya hapo, au ukiwa na ufa pembeni, umekwisha.

Mwishoni utabaki na mafungu matatu: vilivyokamilika, makopo bila mifuniko, mifuniko bila makopo. Mifuniko iliyobaki peke yake tia kwenye mfuko, tundika nyuma ya mlango wa jiko, na ipe wiki mbili. Kopo likirejea kutoka kwa shangazi, heri. Lisiporejea, mfuniko nao uende. Usiuweke kwa imani kwamba siku moja utauziwa kopo linalolingana nao. Viwanda vina vipimo vyake, na sentimita moja inatosha kuharibu kila kitu.

Makopo yasiyo na mfuniko yana kazi kadhaa: kupimia mchele, kulowekea maharage, kuwekea vibanio vya nguo, kupandia mnanaa ukishatoboa matundu chini. Baki na yale tu ambayo unaweza kuyatajia kazi leo. Yaliyobaki wape wanaonunua plastiki chakavu kwa kilo, au waokota makopo wanaopita mtaani. Yasafishe kwanza, kopo lenye ukoko wa mchuzi halina mnunuzi.

Hatua ya 3: Pindua usome chini

Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake, kuanzia 1 hadi 7. Namba hiyo inataja aina ya plastiki. Haikuhakikishii ubora, lakini inakueleza chombo kinaweza kuvumilia nini.

Namba 1 ndiyo chupa za maji na soda. Plastiki hii huanza kulegea joto likifika nyuzi 70 hivi, ndiyo maana chupa ukiitia chai ya moto hunywea na kujikunja. Ifae kwa maji baridi na juisi, basi. Namba 2 utaikuta kwenye madumu ya mafuta ya kula na ndoo nyingi. Ni ngumu na nzuri kwa kuhifadhi vitu vikavu. Namba 4 ni laini, hutumika sana kwenye mifuniko ile inayopindika kwa vidole. Namba 5 ndiyo unayoitaka kwa chakula: huyeyuka karibu na nyuzi 160, kwa hiyo wali wa moto hauisumbui, na kontena nyingi zinazoruhusiwa kwenye maikrowevu zimetengenezwa kwayo. Hata hivyo kuruhusiwa huko kunaonyeshwa na alama nyingine, ile ya mawimbi au iliyoandikwa kabisa. Namba 6 ni plastiki inayokatika kwa mlio, pamoja na vile vyombo vyeupe vya povu. Chakula cha moto chenye mafuta kinaweza kunyonya kemikali kutoka humo, kwa hiyo chipsi zikija ndani yake, zihamishie kwenye sahani na chombo usikitunze. Namba 3 usiiwekee chakula. Namba 7 ni mkusanyiko wa plastiki nyinginezo na haikuambii mengi.

Alama ya glasi na uma ndiyo inayosema chombo kilikusudiwa kwa chakula.

Sasa ndoo za rangi. Najua, ni imara, zina mpini, na mfuniko wake haupitishi hata hewa. Nyumba nyingi zina moja ya maji na moja ya unga. Iliyobeba rangi ya ukuta, gundi au dawa ya kuua wadudu ibaki kuwa ndoo ya kudekia au ya kufulia. Plastiki hufyonza sehemu ya kilichokaa ndani yake, na kusugua kwa sabuni mara kumi hakukitoi kilichokwishaingia. Ukitaka ndoo ya chakula ya bei nafuu, tafuta zilizobeba mafuta ya kula, mtindi au tomato. Wenye mahoteli na mama ntilie huwa nazo na wanaziuza.

Chombo chochote kilichochubuka ndani mpaka kimekuwa kama ngozi ya nanasi, kitoe kwenye chakula bila kujali namba yake. Mikwaruzo ile ndimo mafuta na vijidudu hujificha, na dodoki haifiki.

Hatua ya 4: Osha, toa rangi, kausha kweli

Plastiki na mafuta vinapendana, ndiyo maana kopo la mchuzi wa nazi huteleza hata ukishalisuuza. Maji baridi peke yake hayafui dafu. Futa mafuta kwanza kwa karatasi, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, sugua kwa dodoki au sponji laini. Waya wa kusugulia sufuria usiguse plastiki.

Rangi ya njano ya bizari ya manjano haitoki kwa sabuni kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta na kuzama ndani ya plastiki. Kinachoivunja ni mwanga wa jua, na hicho tunacho cha bure. Osha kopo, paka ndimu, lianike likiwa wazi kwenye jua kali la mchana. Baada ya siku moja au mbili rangi inakuwa imefifia sana. Doa jekundu la nyanya nalo hupungua kwa njia hiyohiyo. Ila usilisahau juani wiki nzima, maana jua hilohilo huifanya plastiki iwe kavu na kupasuka.

Mfuniko wenye raba ndani una siri yake mbaya. Ing'oe raba kwa upande wa nyuma wa kijiko au kijiti cha meno, polepole isikatike, uangalie chini yake. Ukikuta weusi, ni ukungu, na ndio ulikuwa ukikuharibia chakula mapema huku ukilaumu friji. Loweka raba na mfuniko kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu kwa nusu saa, sugua mfereji kwa mswaki wa zamani, suuza. Kwa chombo kinachotumika kila siku, fanya hivi mara moja kwa wiki.

Kukausha ndiko kunakopuuzwa. Plastiki haikai na joto la maji ya kuoshea kama sufuria, na maji juu yake husimama kwa matone badala ya kutiririka, kwa hiyo hukauka kwa kuchelewa. Ongeza unyevu wa Dar, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kopo lililofungwa likiwa na tone moja litakupokea kesho na harufu ya kitambaa cha kudekia. Anika kwenye kichanja, mdomo ukiwa chini, mifuniko ikiwa imesimama wima. Kabla ya kuingiza kabatini pitisha kidole kwenye ukingo wa mfuniko. Maji hujificha hapo.

Hatua ya 5: Gawa kwa safari

Hii ndiyo yenye uzito. Gawa vilivyokamilika katika makundi matatu.

La kwanza ni vya ghala: vikubwa, vigumu, vya unga, mchele, sukari, dagaa, chumvi. Hivi havitoki nyumbani hata kwa harusi ya mtoto wa balozi wa mtaa. Vichague vyenye mfuniko unaobana, kwa ajili ya sisimizi na wadudu wa mchele. Mchele mpya usiumwagie juu ya uliobaki. Maliza wa zamani, osha, kausha, ndipo ujaze.

La pili ni vya friji. Chagua vya pembe nne na vifupi. Vya duara vinapoteza nafasi kati yao, na virefu huchelewesha chakula kupoa. Kama una friza ndogo na unachemsha maharage ya wiki nzima ili kuokoa gesi au mkaa, hapa ndipo vitakulipa: fungu la mlo mmoja kwa kila kopo. Usijaze hadi juu. Maji yakiganda huongezeka kwa karibu asilimia 9, na tui la nazi au mchuzi uliojaa pomoni utausukuma mfuniko au kupasua kopo. Acha nafasi ya vidole viwili. Kumbuka pia kwamba plastiki iliyoganda inavunjika kirahisi, hata ile ya namba 5. Usiung'oe mfuniko kwa kisu. Pitisha kopo kwenye maji ya bomba kwanza.

La tatu ni vya kutembea, na hili ligawe mara mbili. Kuna vinavyotembea na kurudi jioni, yaani lanchi ya baba, ya mama, ya watoto. Kila mtu apewe chake na mfuniko uliopita mtihani wa kupinduliwa. Halafu kuna vinavyotembea bila ahadi ya kurudi: futari ya jirani, keki ya Krismasi, pilau ambayo shangazi lazima aondoke nayo akishaaga mara tatu. Kwa safari hizo tumia makopo ya aiskrimu, ya siagi na yale ya biriani la kununua. Yatenge makusudi, yasizidi kumi, yawe safi na kamili. Kosa la nyumba nyingi ni kutoa kontena nzuri ya seti kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, kisha kubaki na kinyongo juu ya kopo kwa miezi sita. Lisiporudi kopo la aiskrimu hakuna anayelala na hasira.

Chakula cha mgonjwa hospitali weka kwenye hicho cha kundi la mwisho, isipokuwa uji na supu. Vimiminika vya moto vinahitaji chupa ya chai au hotpoti, na kopo jembamba la aiskrimu likilegea mikononi mwa mtu aliyesimama kwenye daladala, ataungua yeye na jirani yake.

Hatua ya 6: Pa kuweka

Ukiwa na makabati: vya kutembea viwe usawa wa mkono, karibu na mahali unapopakulia. Vya ghala chini. Panga makopo bila mifuniko, dogo ndani ya kubwa, kwa umbo: pembe nne na pembe nne, duara na duara. Usirundike zaidi ya manne au matano, la sivyo utahitaji mikono miwili kila unapotaka moja. Mifuniko isimame wima kama mafaili ofisini, ndani ya boksi la viatu, kikapu au beseni jembamba, mikubwa nyuma midogo mbele. Ikilala kwa kurundikana, unayoitaka daima iko chini.

Vilivyokamilika vya lanchi ni bora vikae na mifuniko yake juu, ila ikiwa imelegezwa, imegeuzwa juu chini au imewekwa mshazari. Hewa ipite.

Ukiishi chumba na sebule na jiko lako ni kona au kibaraza cha pamoja, huhitaji kabati. Tumia mabeseni mawili yenye ukubwa sawa: moja la makopo, jingine la mifuniko, lile la mifuniko lipande juu ya la makopo, na kipande cha khanga juu ya yote kuzuia vumbi. Beseni lisikae sakafuni moja kwa moja. Liinue kwa matofali mawili au stuli. Panya na mende hupenda giza la chini, na mende hutaga kwenye mifereji ya mifuniko ambako kumebaki mafuta. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi, vya ghala viingie chumbani.

Hatua ya 7: Alama

Rangi ya kucha ndiyo wino wa shughuli za Dar, na kwa plastiki inafaa kuliko maka peni, ambayo hufutika kwa sabuni. Weka doa nje, chini ya kopo, na doa la rangi ileile juu ya mfuniko. Ukiwa na vitano vinavyofanana lakini haviingiliani, tumia namba: 1 na 1, 2 na 2. Ndani usipake kitu.

Kwenye friza bandika kipande cha selotepu ya karatasi, andika kilichomo na tarehe. Maharage na kunde vikishaganda vinafanana mno.

Kisha mwoneshe anayeosha vyombo, awe dada wa kazi, mtoto au mume. Mpango wowote unaokaa kichwani mwa mtu mmoja utadumu mpaka atakaposafiri. Muulize pia yeye angependa mifuniko iwe upande gani, kwa sababu mkono wake ndio unaorudisha.

Chakula chenyewe

Kimoja cha kuzingatia kila usiku: Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Kwa joto letu la Januari, mimi ningewahi zaidi. Wengi huogopa kuingiza chakula cha moto kwenye friji, wakakiacha kwenye sufuria hadi asubuhi. Kigawe kwenye vyombo vifupi mara tu mkishakula, acha wazi au mfuniko ukiwa umeegeshwa mpaka mvuke uishe, kisha funga na uingize. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo.

Ukilazimika kununua

Nenda ukiwa na orodha ya pengo, usiende kwa sababu umesikia "jero, jero" Mtaa wa Kongo. Seti ya vipande saba vya ukubwa saba tofauti ina mifuniko saba tofauti, na hapo umeanza upya. Tafuta vyombo vya upana mmoja na vina tofauti, ambavyo mfuniko mmoja unaingia kwenye vyote; zile kontena za pembe nne za kufungia chakula cha hoteli mara nyingi ziko hivyo, na huuzwa kwa dazeni kwenye maduka ya vifungashio Kariakoo. Hata mifuniko miwili ikipotea, iliyobaki bado ina kazi.

Nusa ndani. Plastiki inayonuka kali dukani itanuka kwenye wali. Pindua, tafuta namba na alama ya glasi na uma. Funga na kufungua mara kadhaa pembe zote nne, na kama zina vibanio pembeni, vikunje uone kama vinaweka alama nyeupe kwenye mkunjo. Vikiweka, havitamaliza mwaka. Muuzaji akikataa usijaribu mfuniko, meza ya pili iko hatua tatu mbele na ina bidhaa zilezile.